Pengo Kando ya Kijito

Jina lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba Inspekta Sindano aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa karatasi.

“Kwa Mwashi,” alisoma.

“Hilo hilo!” Naibu Mkurugenzi wa Idara ya Ramani aliligonga kwa kifuniko cha kalamu kana kwamba anaua mbu. “Ijumaa jioni halikuwepo. Leo Jumatatu nafika, ramani iko tayari kuchapwa, nalo limejikalia hapo kama mgeni asiyepiga hodi. Nimesimamisha mitambo, nimewaita ninyi. Jina hili sijapata kuliona tangu nizaliwe.”

Inspekta hakuitwa Sindano kwa sababu ya wembamba. Alikuwa mwanamke wa kujaza kiti, mwenye kicheko cha kutikisa vioo. Waliombatiza ni wahalifu. Maswali yake, walisema, huingia bila kuuma; maumivu huanza ukishafika nyumbani. Nyuma yake alisimama Koplo, mwanamume wa miraba minne aliyekuwa na tabia ya kuimba chini chini kila anapofikiri. Sasa hivi alikuwa anaimba.

“Unamshuku nani?” Sindano aliuliza.

“Matapeli wa viwanja. Ndio mchezo wao. Wanachomeka jina la mtaa usiokuwepo, ramani ikitoka wanaikunjua mbele ya wanunuzi: tazama, mtaa huu hapa, serikali yenyewe inautambua. Wanauza hewa, Inspekta.”

“Na mkono wao humu ndani?”

Naibu alishusha pumzi kama mtu anayelazimishwa kumsengenya ndugu yake. “Bi Nukta. Mpangaji wetu wa majina. Yeye ndiye anayeamua kila jina liandikwe kwa herufi gani, nene au nyembamba, na likae wapi. Yuko likizo wiki ya pili sasa, lakini Jumamosi alikuja. Mlinzi alimwona akiingia kwa ufunguo wake, akamwona akitoka anafuta machozi. Sasa niambieni, mtu asiye na hatia analia nini?”

“Labda alikuwa anamenya vitunguu,” alisema Koplo.

Naibu hakucheka. Sindano alicheka kwa niaba yake.

“Mkurugenzi amesafiri tangu mwezi uliopita,” Naibu aliendelea, “kwa hiyo mimi ndiye mkubwa hapa, na nataka mitambo iwake leo. Mkamateni, jina litoke, tumalize.”

“Tutamaliza, Naibu. Haraka haraka haina baraka, na chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Sisi tutakwenda mwendo wa katikati.”

* * *

Chumba cha mitambo kilikuwa chini, chenye harufu ya wino na mafuta ya mashine. Fundi Mitambo, mtu mfupi mwenye wino mpaka viwikoni, aliposikia jina la Bi Nukta alikunja uso.

“Hawezi,” alisema. “Yule akikuta jina la mto limekanyaga daraja, halali. Leo ndio aje kuiba?”

“Sikuuliza kama anaweza, fundi. Nimeuliza kama karatasi ya majaribio ya Ijumaa bado unayo.”

Ilikuwepo, imekunjwa chini ya kopo la rangi. Fundi aliinyoosha juu ya meza ya kioo yenye taa kwa chini, akailaza ile ya Jumatatu juu yake, akawasha taa. Karatasi mbili zikawa kama moja. Barabara ilikaa juu ya barabara, kijito juu ya kijito, na kila jina lilijifunika lenyewe, herufi kwa herufi. Kwa Mwashi peke yake ndilo lililoelea katika mwanga bila mwenzake.

Sindano alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Hakuna kingine kilichohama?”

“Hata kwa unywele, Inspekta.”

“Fundi, tuseme benchi limejaa watu. Mimi nataka kukaa, na mwili wangu ndio huu. Utafanyaje?”

Fundi alimtazama, akasita, heshima ikipigana na ukweli. “Nitawaambia wasogee kidogo, mama.”

“Kidogo?”

“Sana.”

“Haya. Na kama hakuna hata mmoja aliyesogea, nami nikakaa kwa raha zangu, bega halimgusi mtu?”

Fundi aliitazama meza. Kushoto kwa Kwa Mwashi kulikuwa na jina la shule, limesukumwa pembeni. Chini lilipita jina la kijito kwa herufi za mlazo, likifuata mkunjo wa maji. Lakini lilianzia mbali, baada ya kona, wakati hapo konani palikuwa peupe pa kutosha. Jina la barabara nalo lilikuwa limerudishwa nyuma.

“Basi,” alisema polepole, “nafasi ilikuwa imeachwa tangu mwanzo.”

Koplo aliacha kuimba.

“Usimwambie mtu,” Sindano alisema, akikunja karatasi zote mbili na kuzitia mfukoni. “Koplo, washa gari. Twende tukaone kama hewa inakaliwa na watu.”

* * *

Lami iliishia kwenye shule. Kutoka hapo walishika njia ya udongo hadi kijitoni, na kijitoni wakakuta kivuko cha saruji, kipya, chembamba, chenye kingo za mabomba ya chuma. Ng'ambo kulikuwa na nyumba, na wala si chache. Zilikuwa za matofali, zenye mapazia, kamba za nguo, kuku na redio. Mtoto mmoja alikuwa anamfukuza mwenzake kwa ufagio, na mama yao anawafukuza wote wawili.

“Hewa hii ina kelele,” alisema Koplo.

Mwanamke wa makamo, suruali imejaa saruji, alikuwa amepiga magoti kwenye kivuko akiziba ufa kwa mwiko. Hakunyanyuka.

“Kama mmefuata viwanja, rudini mlikotoka. Hapa hapauzwi.”

“Nani kasema panauzwa, dada?”

“Macho huna?” Alielekeza kwa mwiko. Katika kila ua palikuwa na kigingi kilichopakwa rangi nyekundu nchani, kingine katikati ya bustani ya mchicha, kingine mlangoni kabisa, mtu akitoka nje amejikwaa. “Walikuja wiki iliyopita na kamba. Tukiwauliza, wanasema hapa ni pori. Mimi naishi porini miaka yote hii na sijui! Nimejenga nyumba karibu zote hizi kwa mikono yangu, na kivuko hiki pia. Watu wote wanapaita kwangu.”

“Kwa Mwashi.”

Mwanamke alinyanyua kichwa kwa mara ya kwanza. “Nani kakuambia?”

“Ramani,” alisema Sindano. “Kwa siku mbili.”

Koplo, ambaye alikuwa amerudi nyuma kutazama nguzo ya umeme, aliita. Kwenye nguzo palikuwa na tangazo la rangi: Viwanja vinauzwa, eneo wazi, halina wakazi. Chini ya maneno hayo palichapwa kipande cha ramani. Sindano alilibandua kwa kucha, taratibu, asichane pembe, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akatabasamu kama mtu aliyepita jikoni akainua kifuniko cha sufuria.

“Mpigie huyu dalali,” alimwambia Koplo. “Wewe ni mnunuzi. Una mke mkali anayetaka kiwanja kabla ya mwezi kwisha.”

“Hilo la mke halihitaji kuigiza,” alisema Koplo, akasogea kando na simu yake.

Sindano alipomwulizia Bi Nukta, Mwashi alisema yuko kwa mdogo wake, akampeleka kwenye nyumba ya tatu. Kabla hawajafika, walisikia kilio cha mtoto mchanga, kisha cha pili kikimjibu.

Bi Nukta alikuwa barazani na kichanga begani, akikipigapiga mgongo. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani minene, na alipoona kitambulisho cha polisi rangi ilimtoka. Mdogo wake, mama wa vile vichanga, alikuwa mkekani akinyonyesha cha pili.

“Ni mimi niliyeandika,” Bi Nukta alisema kabla hajaulizwa. “Wala sikatai. Lakini naomba mdogo wangu huyu asihusishwe.”

“Kwanza nipe huyo mtoto,” Sindano alisema, “maana unamtetemesha. Sasa kaa. Nianzie mwanzo.”

Mwanzo ulikuwa usiku wa Alhamisi. Uchungu ulimshika mdogo wake mapema kuliko walivyotarajia. Wakapiga simu, wakaomba gari la wagonjwa. Dereva alikuwa na ramani mpya kwenye simu. Idara ilikuwa imeshaituma hospitalini kabla ya ile ya karatasi. Akaambiwa aje Kwa Mwashi. Akatafuta Kwa Mwashi, hakuna. Akazunguka shuleni, akazunguka barabara kuu, akapiga simu kuuliza kama wana hakika na jina la mtaa wao.

“Tukaamua kumfuata,” alidakia Mwashi. “Mimi mbele, huyu mikononi mwa majirani. Tulifika kivukoni, akasema, mama mwashi, sifiki. Nikamwambia utafika. Akasema sifiki! Kweli hakufika. Wa kwanza nilimpokea hapo hapo kwenye saruji yangu, na nilipokuwa namshukuru Mungu akaja wa pili, ambaye hata hatukuwa na habari naye!”

“Mimi nilikuwa na habari naye,” alisema mama mapacha kutoka mkekani. “Alikuwa ananipiga mateke ya ziada.”

Wote walicheka, isipokuwa Bi Nukta.

“Walipona kwa kudra tu,” alisema. “Na kosa ni langu. Kabla ya likizo nililiweka jina hili, Inspekta. Nakumbuka nililiweka. Nilifurahi nalo, kwa sababu mahali penyewe ni pagumu: kijito, shule, barabara, vyote vimebanana. Jina lazima lisomeke upesi, lisifunike kitu, na msomaji asijiulize ni la nini. Mahali pazuri kwa kawaida ni juu kulia kwa kitu chenyewe. Hapa juu kulia pana kivuko, nami sikutaka kukifunika. Ijumaa nilipofungua ile ramani ya simu nyumbani, hakuna. Nikajua sikuhifadhi kazi ya siku ile ya mwisho. Nilikuwa na haraka ya kuondoka. Yaani mdogo wangu amezalia darajani kwa sababu mimi sikubonyeza kitufe! Jumamosi nikaingia ofisini kimya kimya, nikaliandika upya. Niliona aibu kumwambia mtu.”

Machozi yalimtoka. Sindano alikihamishia kichanga bega la pili, akatoa zile karatasi mbili mfukoni, akazitandaza kwenye baraza.

“Hilo jina la shule, mwanzoni lilikaa wapi?”

“Karibu zaidi. Nililisogeza nipate nafasi.”

“Lini?”

“Siku ile ile niliyoweka Kwa Mwashi.”

“Na la kijito?”

“Siku ile ile. Na la barabara. Nilivisogeza vyote vitatu kwa mkono, kwa ajili ya jina hili.”

“Hii ni karatasi ya Ijumaa, kabla hujaenda kurekebisha. Nionyeshe la shule liko wapi.”

Bi Nukta aliinama. Alisogeza miwani. Kidole chake kilipita kwenye shule, kikashuka kwenye kijito, kikaenda kwenye barabara, kikarudi shuleni.

“Yamesogea,” alinong'ona.

“Usingehifadhi kazi yako, yangekuwa wapi?”

“Kule kule kwa zamani.”

“Basi ulihifadhi.”

Mtoto akacheua begani kwa Inspekta, na hakuna aliyejali.

“Inawezekana ni kompyuta?” Bi Nukta aliuliza. “Programu yetu huyaacha nje majina yanapobanana.”

“Huyaacha yanapokosa nafasi. Hili lilikuwa na nafasi ya kulala na kugeuka. Hapana, mama. Kuna mtu alilifuta kwa mkono, na hakujua kazi yako vya kutosha kuyarudisha majina jirani yalikotoka. Sote tumekuwa tukimtafuta aliyeandika.” Sindano alikunja karatasi. “Wewe bonyeza kichwani mwako hicho kitufe cha hatia, kifute. Hukukosea.”

Bi Nukta alifunika uso kwa kanga ya mdogo wake, akalia tena. Lakini kilio cha safari hii kilikuwa na kicheko ndani yake, na mama mapacha akamvuta, wakaegemeana pale mkekani na mtoto katikati.

Koplo alitokea mlangoni, anang'aa. “Dalali anasema nisiogope wakazi, ni wavamizi tu. Ramani mpya ikitoka itaonyesha pori, na mahakama itafuata ramani. Anasema ana shemeji yake mle mle Idarani.”

“Shemeji ni mtu mzuri,” alisema Sindano. “Twende tukamsalimie.”

* * *

Naibu aliwapokea amesimama. Alipomwona Bi Nukta kati ya askari wawili, mabega yalimshuka kwa faraja.

“Amekiri,” Sindano alisema, akikaa bila kuambiwa. “Ni yeye aliyeliandika Jumamosi. Kila kitu.”

“Nilijua! Masikini, tamaa mbele, mauti nyuma.” Alikwisha kushika simu ya mezani, akabonyeza kitufe cha sauti ya wazi. “Fundi! Mambo yamekwisha. Lifute tena lile jina, uwashe mitambo.”

Simu ilikwaruza. Sauti ya Fundi Mitambo ikajaza chumba, imejaa mshangao wa kweli.

“Nilifute tena? Mzee, mimi sijawahi kulifuta.”

Naibu alikata simu. Alitazama kitufe alichokibonyeza kana kwamba ndicho kilichosema.

“Tena,” alisema Sindano kwa upole. “Neno dogo hilo.”

“Ulimi umeteleza.”

“Unateleza penye utelezi. Asubuhi uliniambia jina hili hujaliona tangu uzaliwe.”

“Nilimaanisha litolewe tu! Ninyi polisi mnataka kumfunga mtu kwa sarufi?”

“Hapana. Kwa hili.” Sindano aliweka lile tangazo mezani, na kando yake karatasi ya Ijumaa. “Hili lilikuwa kwenye nguzo tangu wiki iliyopita. Tazama jina la kijito, linaanza baada ya kona. Tazama la shule, la barabara. Majina matatu yamempisha mtu, na mtu mwenyewe hayupo. Bi Nukta aliyasogeza siku yake ya mwisho kazini. Kwa hiyo aliyempa dalali ramani hii aliitoa humu baada ya siku ile, na baada ya kufuta. Bi Nukta alikuwa ameshaondoka. Faili la ramani hii linafunguliwa na nani mwingine?”

Naibu alijilamba midomo. “Mkurugenzi.”

“Yuko safarini tangu kabla ya hapo. Umeniambia mwenyewe.”

“Basi, mafundi wa kompyuta...”

“Tumewauliza tulipoingia,” alisema Koplo. “Wanasema nywila ni mbili tu, ya kwako na ya huyu bibi.”

“Naye dalali,” Sindano aliongeza, “anamsalimia sana shemeji yake.”

Naibu alikaa. Alianza sentensi kuhusu mke wake, akaanza nyingine kuhusu kaka wa mke wake, ya tatu ikaishia njiani. Ndipo Bi Nukta alipopiga hatua mbele.

“Wana wa mdogo wangu wamezaliwa kwenye saruji,” alisema. Sauti yake haikupanda. “Ulikuwa unalijua jina. Nilikuonyesha mwenyewe, ukaniambia nimelipanga vizuri.”

Naibu aliinamisha kichwa. Koplo akamshika mkono, akamwinua kwa adabu kama anavyoinuliwa mgonjwa, wakatoka.

* * *

Fundi Mitambo hakutaka kuwasha mpaka Bi Nukta abonyeze mwenyewe. Mitambo ilikohoa, ikanguruma, sakafu ikaanza kutetema, na karatasi zikaanza kumwagika upande wa pili zikiwa na joto la wino mbichi. Mwashi alikuwa amefika na nusu ya mtaa wake nyuma. Aliyewaita hajulikani, habari ina miguu. Walijazana mlangoni na viatu vya matope. Kila mmoja alitaka kuona nyumba yake iko upande gani wa herufi gani. Mzee mmoja alidai anakaa ndani ya herufi M, akakataa katakata kuhamishwa. Mwanamke mmoja akalalamika kwamba jina la shule limeandikwa nene kuliko la mtaa wao, na Bi Nukta, miwani imepanda kipaji cha uso, akaanza kumweleza kwa nini, kwa raha ya mtu aliyepata msikilizaji baada ya miaka mingi. Mwashi alishika karatasi yake kwa ncha za vidole, akipuliza wino, akatazama, akapuliza tena.

Simu ya Sindano ililia. Alikuwa mkuu wake wa kituo. Alijibanza nyuma ya marobota ya karatasi, kidole sikioni.

“Vipi kesi ya jina?”

“Imekwisha, mkuu.”

“Umempata aliyeliandika?”

“Nimempata, amekiri.”

“Safi sana. Umemtia pingu?”

“Hapana. Nimembebea mtoto.”

“Sindano, ni kelele gani hizo? Uko kazini kweli?”

Mtu alikuwa ameanza kupiga vigelegele, na wengine wakadakia, na katikati yake ilisikika sauti nzito ya Koplo, safari hii akiimba kwa nguvu zake zote.

“Niko kazini, mkuu,” Sindano alipaza sauti. “Ngoja kwanza, nashikwa mkono niende kucheza.”